Safari ya pikipiki Nyanda za Juu Kusini: hesabuni mwinuko kabla ya kilometa

Ndugu Mhariri,

Kipupwe kikikaribia, swali ni lile lile kwenye vijiwe vya mafundi pikipiki hapa Uyole: kutoka Mbeya mjini hadi Matema ni kilometa ngapi, na mtu anafika kwa saa ngapi? Makala za safari magazetini nazo hujibu hivyo hivyo, kwa kilometa. Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tuseme kwamba kwa nchi hii ya maziwa swali hilo limekaa vibaya. Ziwa Nyasa liko takribani mita 475 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700. Uwanda wa Kitulo uko mita 2,600 na kuendelea. Anayetoka ufukweni Matema kwenda Kitulo anapanda zaidi ya mita 2,000, na kupanda huko ndiko kunakomaliza petroli, breki na vidole vya mikono. Panga ratiba kwa mwinuko kwanza. Idadi ya siku, nguo za kubeba na saa ya kuondoka vitajipanga vyenyewe.

Tuanze na majira, maana hapo ndipo wengi hupotea. Rungwe ni miongoni mwa maeneo yanayopata mvua nyingi kuliko yote nchini, na masika yake hayaishi kwa sababu kalenda imesema Mei imekwisha. Aprili na Mei mito ya Kyela hufurika, na Juni yenyewe Tukuyu bado hunyunyiza asubuhi. Wakati mzuri ni katikati ya Juni hadi mwisho wa Julai: barabara zimekauka, hewa ni safi, na ukisimama juu unaliona Ziwa Nyasa na milima ya Livingstone. Agosti watu huanza kuchoma nyika, moshi unatanda, na picha zote za ziwa zinatoka za kijivu. Tena wiki ya Nane Nane, Uyole hujaa kwa ajili ya maonyesho kwenye viwanja vya John Mwakangale, na kulala hapo bila kupanga mapema ni kazi.

Anayekuja kwa ajili ya maua ya Kitulo asije Julai. Maua yale, zikiwemo aina za okidi zinazopindukia 40, hutoka wakati wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Julai utakuta majani makavu ya rangi ya dhahabu, ng'ombe wa maziwa wa shamba la Kitulo, na barafu nyembamba juu ya nyasi alfajiri. Sisi tunaona inatosha. Na wapo wanaotamani kuona miti ikibadilika rangi kama kwenye picha za vuli ya Ulaya; hao waende mwishoni mwa Septemba au Oktoba, tena si huku kwenye ubaridi bali njia ya Mbeya kwenda Chunya au pori la miombo upande wa Iringa. Kule kabla ya mvua majani mapya ya miombo hutoka mekundu, kisha ya rangi ya shaba, ndipo yanageuka kijani. Wenzetu huona majani yakifa, sisi tunaona yakizaliwa.

Sasa pikipiki. Hizi za cc 125 na 150 tulizonazo zinatosha kabisa kwa safari hii, mradi mtu aelewe hewa inazifanyia nini. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, injini ya kabureta hupoteza takribani sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, kwa sababu hewa ni nyepesi. Ukiwa Kitulo umekwisha kupoteza kama robo ya nguvu ambazo injini ile ile ingekuwa nazo Tanga au Mtwara. Wakati huohuo kabureta inaendelea kumimina petroli kama ilivyozoea bondeni, kwa hiyo mchanganyiko wa petroli na hewa unakuwa mzito, yaani petroli inazidi: injini inakohoa, moshi mweusi, plagi inatoka na masizi. Watu hudhani pikipiki imekufa, na wengine huanza kufungua injini barabarani. Haijafa. Safisha kichujio cha hewa kabla ya kuondoka, kwa sababu kichujio kilichoziba kwa vumbi huongeza tatizo lile lile. Kama sindano ya kabureta yako ina mikato ya kuwekea klipu, pandisha klipu mkato mmoja juu. Sindano itashuka na petroli itapungua. Lakini kumbuka kuirudisha kabla ya kushuka ziwani. Injini iliyopunguziwa petroli kwa ajili ya Kitulo, ikipelekwa kwenye joto la Kyela ikiwa na abiria na mzigo, hupata moto kupita kiasi na pistoni ndiyo inayolipa. Asiyejiamini na mambo haya aiache kabureta kama ilivyo na avumilie moshi. Mchanganyiko mzito unakera tu, mwepesi unaua injini.

Kinachosaidia zaidi ya kuchezea kabureta ni sproketi ya mbele, lile gurudumu dogo la meno linalovuta cheni. Kama ina meno 14, weka ya meno 13. Utapoteza mwendo kidogo kwenye tambarare, lakini nguvu ya kuvuta kwenye gurudumu inaongezeka kwa karibu asilimia 8, na hiyo ndiyo tofauti kati ya kupanda Isongole kwa gia ya tatu na kupanda kwa gia ya pili huku injini ikilia. Ukibadilisha sproketi tazama na cheni: ikae na mlegeo wa milimita 20 hadi 30 katikati, pikipiki ikiwa imebeba mzigo wake wa safari. Wengi hukaza pikipiki ikiwa tupu. Abiria akipanda, shokapu zinazama, cheni inakaza kama waya wa gitaa na beringi za nyuma zinaanza kulia. Klipu ya kiungo cha cheni, upande wake uliofungwa uelekee kule cheni inakokwenda. Ikigeuzwa, kokoto moja tu inaweza kuichomoa.

Tairi zisiwe zile zilizong'aa katikati. Namba imeandikwa ubavuni. Nyingi ni 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma, nunua tyubu moja ya kila namba uweke kwenye begi. Upepo, fuata maandishi ya mtengenezaji, na ujaze asubuhi tairi zikiwa baridi. Vifaa: spana namba 10, 12, 14 na 17, spana ya plagi na plagi moja ya namba ile ile, waya wa klachi na waya wa mafuta, kiungo cha cheni cha akiba, fyuzi, balbu ya mbele, pampu, vyuma viwili vya kutolea tairi, viraka na gundi. Ongeza mita mbili za waya wa kufungia na vipande vya tyubu kuukuu. Waya wa klachi ndio unaowaacha watu wengi porini, na ni kitu kidogo kisichozidi uzito wa embe. Upitishe ubavuni mwa ule wa zamani kabla ya safari, uufunge kwa kamba, ukikatika ule unaunganisha ncha mbili tu.

Mzigo mzito ukae mbele, juu ya tangi au katikati ya dereva na kepi ya nyuma (chuma cha kubebea mzigo), si mwishoni kabisa mwa kepi. Mzigo ukining'inia nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, na kwenye kona ya kupanda usukani hausikii. Mshikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, hatuujadili hapa. Abiria ni mmoja, na kofia ngumu ni mbili.

Nguo. Joto hupungua kwa nyuzi 6 au 7 kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo kati ya Matema na Kitulo kuna tofauti ya nyuzi 13 au zaidi hata kabla hujaongeza upepo wa mwendo. Anayevaa kwa hali ya hewa ya alikoamkia ataumia. Glovu za sufu ndani, za mpira nje. Mfuko wa nailoni kati ya soksi na buti. Na kifuani, chini ya jaketi, gazeti. Tunasema kweli, Mhariri. Karatasi nne tano za gazeti zikikunjwa zinazuia upepo kuliko sweta la pili, na ukifika Kyela unazitoa unasoma. Hata ukurasa huu wa barua unafaa.

Njia tunayoipendekeza ni ya siku tano na inaanza Alhamisi, kwa sababu tutakayoieleza. Kabla ya hapo saa: Mbeya iko magharibi, jua linachomoza karibu saa moja kamili asubuhi mwezi wa Juni, dakika 25 hivi baada ya Dar es Salaam, na linazama kama saa kumi na mbili na nusu. Wageni wa Pwani wanaopanga kuondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri wanajikuta gizani, kwenye ukungu, katikati ya malori.

Siku ya kwanza ni fupi: Mbeya, Uyole, Igawilo, Isongole, kisha Ziwa Ngozi na kulala Tukuyu. Kilometa ni kama 70 tu hadi Tukuyu. Mlima wa Igawilo usiupande nyuma ya lori la mizigo ya Malawi. Ukungu ukiwepo dereva hakuoni, na lori likishindwa gia linarudi nyuma. Simama pembeni kabisa, liache liende. Kwenye ukungu tumia taa ndogo, maana taa kubwa inakurudia machoni kama ukuta mweupe. Manyunyu yakianza, dakika kumi za kwanza ndizo mbaya kuliko mvua yenyewe: dizeli iliyomwagika kwenye kona na tope la malori ya viazi vinageuka sabuni.

Ngozi haufiki kwa pikipiki. Unaiacha kijijini kwa mtu wa kuilinda, unafunga usukani, unapanda msituni kwa miguu. Beba viatu vyepesi, kwani buti za pikipiki kwenye tope lile ni adhabu, na tope lipo mwaka mzima. Ziwa liko ndani ya shimo la volkano, kingo zake zimesimama kama ukuta, halina mto unaotoka. Wenyeji hukuonyesha kwamba umbo lake linafanana na ramani ya Afrika. Tazama kutoka juu, usijaribu kushuka majini. Ukungu hufunika shimo lote kwa dakika chache, na ukikuta jeupe tupu keti usubiri nusu saa, huwa unafunguka. Volkano hiyo ndiyo iliyomwaga majivu na mawe mepesi yaliyotanda hadi Kitulo miaka kama 12,000 iliyopita, na jambo hilo si la vitabuni tu: ndiyo sababu njia za juu zina vumbi jepesi linaloingia kwenye kichujio cha hewa, lakini hunyonya maji haraka baada ya mvua. Udongo mwekundu wa chini, kuelekea Busokelo na Masoko, hauna huruma hiyo. Ukilowa unashika tairi na kujaza madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Ondoa digadi ya mbele ikiwa iko karibu sana na tairi, au ipandishe.

Ijumaa, pitia Daraja la Mungu juu ya Mto Kiwira ukipenda. Ni mwamba wa volkano uliojitengenezea daraja wenyewe, dakika 20 zinatosha. Muda uuhifadhi kwa Ziwa Masoko, ambalo wengi hulipita. Ni dogo, upana wa mita 700 hivi, la duara kama sinia, na kina chake ni mita 38 hivi. Wajerumani walikuwa na kambi ya askari hapo kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na jengo lao la mawe lipo. Wazee husimulia habari za fedha zilizozamishwa ziwani. Hazina tunayoiamini sisi ni samaki. Mwaka 2015 wanasayansi walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba ndani ya kiziwa hiki jamii moja ya samaki inagawanyika kuwa mbili: wa manjano karibu na ukingo, wa bluu kule chini penye giza. Kutoka hapo barabara inashuka Ipinda. Mtelemko huo uliza hali yake Tukuyu asubuhi hiyo hiyo. Kama usiku mvua ilinyesha, rudi kwenye lami upitie Kikusya, ambako hadi Matema ni kilometa 39.

Kwa nini Alhamisi? Ili Jumamosi uwe Lyulilo, jirani na Matema, siku ya soko la vyungu. Vyungu huletwa kwa mitumbwi kutoka Ikombe, kijiji cha Wakisi kilichobanwa kati ya mlima na maji. Ukinunua chungu usikifunge kwenye kepi. Mtikisiko wa kepi hukipasua kabla ya Tukuyu. Kizungushie majani makavu ya mgomba, ukiweke kwenye begi la mgongoni la abiria. Juni na Julai upepo wa kusi huinua mawimbi mchana, hivyo anayetaka kwenda Ikombe kwa mtumbwi aende asubuhi. Matema ni joto, mbu wapo, wali wa Kyela upo na samaki aina ya mbasa wapo. Hiyo ndiyo siku ya kupumzisha mgongo, kukaza nati zote zilizolegea na kutazama spoki: gonga kila moja kwa spana, inayotoa sauti ya kufa imelegea.

Jumapili ni ya kupanda kurudi Tukuyu au Kiwira, hakuna haraka. Jaza tangi. Pikipiki ya cc 150 inayokwenda kilometa 45 kwa lita kwenye tambarare, ikiwa na mzigo milimani ihesabie 30. Usitegemee petroli ya chupa huko juu. Haijulikani imechanganywa na nini.

Jumatatu ndiyo siku kubwa: Isyonje, Kikondo, Kitulo, Matamba, Chimala. Ondoka Isyonje saa tatu asubuhi, si mapema zaidi, ili barafu na ukungu wa uwandani viwe vimeondoka ukifika. Hifadhi ya Kitulo ilitangazwa mwaka 2005 na malipo yake hayapokelewi kwa fedha taslimu, kwa hiyo simu iwe na salio. Usitoe gurudumu nje ya barabara. Chini ya nyasi zile kuna viazi vya okidi, chikanda, vilivyochimbwa na kuuzwa Zambia mpaka vikaanza kwisha. Tairi ikivikata ni kazi ile ile. Wanaorudi Iringa wana njia nyingine nzuri: wakate kwenda Makete, washuke Njombe kwa lami na kutokea Makambako. Hao hawana haja ya kuteremka Chimala, na kusema kweli mwenye breki za wasiwasi achague njia hiyo hata kama anaishi Mbeya.

Kutoka Matamba hadi Chimala ni ule ukuta wa kona 57. Uanze kabla ya saa tisa mchana. Ukuta unatazama kaskazini, na miezi hiyo jua liko kaskazini. Kuanzia saa kumi linakupiga usoni kona hadi kona. Shuka na gia ambayo ungepandia, ya kwanza au ya pili, na injini ifanye kazi ya kushikilia. Kuweka nyutro au kuzima injini ili kubana petroli ni ujinga unaookoa shilingi mia tatu. Breki zetu za nyuma ni za dramu. Ukizikanyaga mfululizo zinapata moto, dramu inatanuka, breki shuu zinaungua na kanyagio linazama bila kushika. Bana kwa nguvu kabla ya kona, achia ndani ya kona. Kila baada ya kona kumi simama dakika tano, na ukisikia harufu kama ya mpira unaoungua simama dakika 20. Piga honi kabla ya kila kona, kwani malori ya viazi yanayopanda huchukua barabara yote ili yaweze kugeuka. Changarawe hujikusanya upande wa ndani. Pita katikati, taratibu, abiria aegemee pamoja nawe na si kinyume chako.

Ukifika Chimala vijana wa kuosha pikipiki watakuwa wamekwisha shika ndoo. Wakatalie kwa adabu. Dramu ikiwa ya moto, maji baridi huweza kuipinda au kuipasua, na hutajua mpaka asubuhi, utakapoikanyaga breki kwenye mteremko wa Inyala kati ya malori. Kunywa chai kwanza, weka kiganja karibu na gurudumu bila kuligusa, na ukiona joto limekwisha, waite.

Mafundi na waendesha pikipiki,
Uyole, Mbeya